Mjomba anasema mbwa mzee hakai mjini

Shikamoo Mzee wa Mifugo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mikindani na mama yangu mzazi. Baba alifariki miaka minne iliyopita akatuachia mbwa na paka. Mbwa anaitwa Salfa. Baba alimleta kutoka Nanyamba akiwa kitoto mwaka ule wa vurugu za bomba la gesi hapa Mtwara, 2013, na jina alilipata kwa rangi yake: manjano tupu, kama aliyepuliziwa dawa ya salfa pamoja na mikorosho. Sasa ana miaka 12. Paka, Bi Harusi, amemzidi miaka miwili. Alizaliwa uvunguni mwa kitanda changu kabla sijaolewa.

Wamezeeka wote kwa mpigo, na nyumba imegeuka wodi.

Msimu wa korosho uliopita mjomba alimchukua Salfa miezi miwili, akaenda naye kwa ndugu zetu Liwale kulinda shamba, maana ngedere na nguruwe pori walikuwa wanawamaliza. Amerudi wiki tano zilizopita, amekonda. Macho yake yalikuwa na ukungu kidogo hata kabla hajaondoka, lakini sasa la kushoto limekuwa jeupe juu kote. Asubuhi akitaka kuinuka anajivuta kama miguu ya nyuma ameiazima. Akishatembea kidogo inalegea. Tangu mwaka jana ukimwita hasikii, na usiku anasimama mbele ya ukuta anabweka. Majirani wameshakuja mara mbili. Halafu anakojoa barazani, vitone vitone, palepale mama anapotandika mkeka wake jioni. Mama hamchukii, ila kila siku anasema sala yake ina mashaka.

Bi Harusi yeye anakunywa maji mpaka ya kwenye kopo la udhu. Anakojoa sana, amebaki mifupa, manyoya yamesimama, na kitandani hapandi tena.

Mjomba amesema mwisho wa mwezi anakuja na pikipiki amchukue Salfa akamwache shamba Nanyamba. "Mbwa mzee hakai mjini," ndiyo kauli yake, na unajua kwetu Wamakonde neno la mjomba lina uzito. Kaka yangu aliyeko Dar anasema achomwe sindano yaishe. Watoto wanalia. Jirani alinishauri dawa ya maumivu, nikampa Salfa diklofenaki mara tatu wiki hii, akachangamka kweli. Leo nimekata nusu kidonge cha parasetamoli nimpe na Bi Harusi, nikaona nikuandikie kwanza.

Je, huu ni uzee tu, nikubali yaishe? Au kuna la kufanya?

Binti wa Mikindani

*

Marahaba mwanangu. Hiyo nusu ya kidonge itumbukize chooni sasa hivi, halafu urudi tuendelee.

Umerudi? Haya. Paka hana ini la kuivunja parasetamoli kama letu. Ikimwingia, damu inageuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba hewa. Ufizi unakuwa wa buluu au wa udongo, uso na miguu vinavimba, na siku moja au mbili zinatosha kumuua. Kidonge kimoja cha miligramu 500 ni kingi mno kwa paka, na nusu yake haina usalama wowote, hasa kwa paka aliyekwisha konda kama wako. Kama kuna mtu amekwisha mpa, usisubiri uone dalili, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Diklofenaki ya Salfa nayo isimamishe leo. Najua alichangamka. Dawa ile inaondoa maumivu kweli, lakini kwa mbwa huku inatoboa tumbo na kuchosha figo, na wewe unaona tu kwamba mzee anatikisa mkia. Angalia choo chake siku hizi chache: kikiwa cheusi kama lami, au akitapika, hiyo ni damu ya ndani, usilaze siku. Na ukifika kwa daktari mwambie wazi kwamba umempa na ni mara ngapi, hata kama unaona aibu. Zipo dawa za maumivu za mbwa, kama meloksikamu, zinazopimwa kwa kilo zake na kuliwa na chakula. Ni za ukoo mmoja na hiyo diklofenaki, na daktari asiyejua anaweza kumwongezea moto juu ya moto.

Sasa tuje kwenye swali lako. Umeuliza kama huu ni uzee tu. Mwaka 1994 nilikuwa bwana mifugo kijana pale Mingoyo, na bibi mmoja aliniletea mbwa aliyevimba chini ya jicho, hali chakula, anainamisha kichwa. Nikamwangalia meno yaliyoisha, nikamwambia, "Bibi, huu uzee." Akashukuru akaenda zake. Wiki tatu baadaye mwenzangu aliyekuja kutoka Lindi mjini alimfungua mdomo yule mbwa hadi nyuma kabisa, akakuta jino kubwa la juu limeoza mzizi, usaha umepanda mpaka chini ya jicho. Akaling'oa. Mbwa akaishi miaka mitatu mingine, na kila nilipopita njia ile yule bibi alikuwa akinisalimia kwa heshima zote, na heshima ile ilikuwa inanichoma. Tangu siku hiyo neno "uzee" sipendi kulisikia likitolewa kama jibu kabla mnyama hajashikwa.

Kwa hesabu, Salfa ni mtu wa miaka kama 65, na Bi Harusi ni bibi wa miaka 70 na kidogo. (Ile ya kuzidisha kwa saba isahau. Mbwa wa mwaka mmoja tayari anazaa. Binadamu wa miaka saba hazai.) Kwa hiyo ni wazee, ndiyo. Lakini mama yako akiamka kesho jicho limekuwa jeupe juu kote, hutasema ni uzee ukaendelea kupika uji.

Na jicho hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika. Ukungu wa buluu wa macho yote mawili, unaokuja taratibu kwa miaka, ni wa kawaida kwa mbwa mzee na haumzuii kuona sana. Mtoto wa jicho ni kitu kingine: weupe kama tui, ndani, katikati ya mboni. Wewe unanieleza kitu cha tatu: weupe wa juu, kwenye kioo chenyewe cha jicho, kwa mbwa aliyekonda, aliyerudi wiki tano zilizopita kutoka Liwale. Kule upande wa misitu ya Selous kuna mbung'o. Mbung'o wanaambukiza ndorobo, ugonjwa wa vimelea wa damu, na watu wengi wanaijua kwa ng'ombe tu, lakini mbwa anaipata na inamuumiza vibaya. Anapata homa ya kuja na kuondoka, anakonda huku anakula, uso unaweza kuvimba, ufizi unapauka, na macho yanafunga ukungu mweupe. Nimewaona mbwa wa wawindaji wa Nachingwea wameletwa kwangu "wamezeeka ghafla", mmoja ana miaka mitatu.

Sisemi ndiyo hiyo. Homa ya kupe nayo inapausha ufizi na kukondesha, na inaweza kugusa macho. Mwiba wa shambani nao unatosha kuharibu jicho moja. Ninachosema ni kwamba ndorobo ina dawa, na inaua asiyetibiwa. Mfunue mdomo leo: ufizi mzuri ni wa waridi. Ukiuona mweupe kama ganda la yai, safari ni kesho asubuhi. Daktari atachukua damu kidogo aitazame kwa darubini, na kama yeye hana, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo hapohapo Mtwara. Kutoka Mikindani ni kilomita kama 10. Kodi bajaji. Salfa mfunge mdomo kwa ukanda wa kitambaa, usikaze, maana mbwa anayeumwa humuuma hata aliyemlea. Bi Harusi mtie kwenye tenga lenye kifuniko, mwende wote safari moja. Na umwambie daktari jina la Liwale kabla hajakuuliza. Wengi hawataliuliza.

Kuna jambo jingine lazima niliseme kabla ya hayo ya kubweka. Chanjo ya kichaa cha mbwa mara ya mwisho alichanjwa lini? Hukuandika. Mbwa akibadilika tabia ndani ya siku chache, akang'ata hovyo, akatokwa udenda, taya likalegea, akashindwa kumeza, mtu usianze kuzungumza habari za uzee. Mfungieni mahali, msimguse, piteni ofisi ya mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo. Salfa wako ameanza mwaka jana, kwa hiyo siyo sura ya kichaa, maana kichaa kikishaonekana humaliza mbwa ndani ya siku kama 10. Lakini amekaa porini miezi miwili, na chanjo ni kila mwaka. Mikoa yetu ya kusini ilishakuwa ndani ya mradi mkubwa wa kuchanja mbwa kuanzia mwaka 2010; mradi uliisha, mbwa wamezaliwa wengine. Mwulize daktari kama kwa hali aliyonayo achanjwe sasa au baada ya matibabu.

Tuje usiku. Mbwa mzee anaweza kuchanganyikiwa kama mzee wa watu: anasahau mlango uko wapi, anasimama kwenye kona, mchana analala na usiku anazurura. Ongeza uziwi. Hasikii sauti yake mwenyewe, ndiyo maana anabweka kwa nguvu. Ongeza maumivu ya miguu, na kibofu kinachomsukuma. Kwa hiyo usihamishe hamisha vitu njiani pake. Mwachie taa ndogo. Mtoe nje baada ya isha, umsubiri mpaka akojoe, usimfungulie mlango tu ukarudi ndani. Akianza kubweka mwendee kwa mbele akuone, umguse shingoni taratibu. Wakataze watoto wasimwamshe kwa kumshika mgongoni. Mbwa kiziwi akishtuka anauma kwanza, anatambua baadaye. Majirani nenda wewe kabla hawajaja mara ya tatu. Ukiwaambia mzee anaumwa na anatibiwa, watavumilia wiki mbili tatu. Watu wa Mikindani nawajua.

Miguu ile ya kuazima inayolegea akishatembea ni baridi yabisi. Haiponi, ila inapunguzwa sana. Sakafu ya saruji ndiyo adui. Chukua magunia mawili ya korosho, jaza usumba, shona, umtandikie pasipo upepo wa bahari. Kucha zake zikigonga sakafu akitembea ni ndefu, zikatwe. Mtembeze kila siku, kidogo, alfajiri au baada ya alasiri, kwenye mchanga uliolowa ufukweni. Mchanga mkavu unamchosha na lami ya mchana inamuunguza. Kama kuna ngazi, weka ubao wa mteremko. Kupumzika moja kwa moja usimwache, viungo vitafunga.

Mkojo wa vitone: Salfa hajahasiwa, sivyo? Dume mzee asiyehasiwa anavimba tezi dume, sawasawa na wazee wenzangu ambao hawataki kulisema. Anasimama muda mrefu, yanatoka matone, pengine na damu. Kuhasi huishusha tezi ndani ya wiki chache, lakini kwanza damu yake ijulikane iko salama, mbwa mwenye ufizi mweupe hapandi meza ya upasuaji. Kibofu kinaweza pia kuwa na maambukizi, na hayo yana vidonge. Akigoma kabisa kutoa mkojo siku nzima, hiyo ni dharura. Kuhusu mkeka na sala, habari za twahara mama amwulize sheikh wenu, mimi niliishia juzuu chache. Ila baraza lina pande mbili. Mhamishie Salfa uani, na mkeka uinuliwe ukishaswaliwa.

Bi Harusi sasa, na hapa nakuomba usifanye kosa ambalo nimelikuta nyumba nyingi: kumfichia paka maji ili apunguze kukojoa. Anakunywa kwa sababu mwili umeshindwa kuzuia maji, mkojo unatoka mwingi, naye anafukuzia. Ukimnyima unamkausha. Mwekee vyombo vitatu vya maji safi, kimoja jikoni, kimoja chumbani, kimoja uani. Kuliacha kopo la udhu ni juu yenu. Paka si najisi, hilo hata mimi nalijua.

Figo ndiyo dhana ya kwanza kwa paka wa umri huo, lakini kisukari kinafanana, na tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inamkondesha paka huku anakula kama amekodiwa. Mkojo na damu vitatenganisha. Kama ni figo, haziponi, lakini paka anaweza kwenda miezi, hata miaka, kwa chakula na maji. Mchemshie samaki bila chumvi, umpe na mchuzi wake. Ng'onda na papa mkavu mwisho. Dagaa wakavu wawe wa ziwani tu, si wa baharini, na hata hao waroweke umwage maji kwanza. Ugali na mchuzi haumtoshi paka. Mbwa anaweza kuvumilia, paka bila nyama au samaki moyo na macho vinaharibika. Kitunguu na kitunguu saumu visiguse sufuria yao, wote wawili.

Kutopanda kitandani, paka halii akiumwa viungo, anaacha tu kuruka. Weka kigoda kando ya kitanda uone. Manyoya kusimama maana yake ameshindwa kujilamba mgongoni. Mchane kwa brashi laini. Na umwangalie kucha za mbele, kwa paka mzee hujipinda zikaingia kwenye nyama ya unyayo, nimeshazitoa nyingine zimeota usaha. Choo chake kifanye chepesi: chukua dumu la lita 20, lilaze, kata ubavu, upande mmoja uwe mfupi aingie bila kuruka, jaza mchanga.

Gharama sikudanganyi, vipimo vina bei. Panga foleni: Salfa damu kwanza, Bi Harusi mkojo, mengine yafuate mfuko. Mwambie daktari tangu mwanzo una kiasi gani.

Mjomba mpe salamu zangu. Mbwa asiyeona vizuri, asiyesikia, mwenye miguu mibovu, akiachwa Nanyamba hatalinda kitu. Atakaa barabarani anamtafuta mama yako mpaka gari limpate. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamwekea mwenye mnyama wajibu wa kumlisha na kumtibu, lakini usianze na sheria kwa mjomba, utaharibu. Mwache mama aseme, ni ndugu yake wa tumbo moja. Amkumbushe nani alimpeleka Liwale. Pikipiki ije hiyo mwisho wa mwezi, ila aje kuchangia bajaji.

Kaka yako wa Dar naye hajakosa kabisa, amewahi tu. Ipo siku sindano ni huruma, na anayeichoma ni daktari, mnyama analala kwanza kisha moyo unasimama. Sumu ya panya au dawa ya shambani kwenye nyama ni mateso ya masaa, pengine ya siku, na inaua paka wa jirani pia. Ukishapata majibu, tundika kalenda jikoni. Siku ambayo Salfa amekula, ameinuka mwenyewe, amewatambua watoto, weka alama ya wino. Siku ambayo amelalia mkojo wake na kukataa chakula, weka msalaba. Watoto ndio waandike, wanamjua. Misalaba ikipita wino kwa wiki mbili na dawa anapata, mpigie daktari, na umpigie kaka yako aje, asitume hela tu.

Ufizi, mwanangu. Kabla hujalala leo, mfunue mdomo kwenye mwanga, uniandikie ni wa rangi gani.